Siku Kibuta Ilipowaka Kwenye Kompyuta

Nyie vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Wengi wenu mnafanya kazi za kukaa mbele ya kompyuta, na bibi zenu wakiwauliza mnafanya nini huko mnajibu, "Bibi, huwezi kuelewa." Mimi nimeelewa. Nilisoma mpaka darasa la nne, kisha nikaolewa, lakini mtu akikaa kwenye mkeka wangu akanieleza jambo, nikamrudisha nyuma, akanieleza tena, linaniingia. Hili liliniingia, na mpaka leo halijanitoka.

Naishi Misugusugu na binti yangu, na wanawe wawili wa kiume ambao ni watu wazima wenye ndevu, na dada yao mkubwa. Huyo dada yao ndiye mwenye kazi ya kompyuta. Ameajiriwa na shirika la haki za binadamu. Wenzake wanakwenda vijijini kuwasikiliza wajane walionyang'anywa nyumba na mashamba, wanarudi wanaandika ripoti. Yeye haandiki. Yeye ana programu inayoifuata ripoti ikishatoka, kama mtu anavyomfuata mbuzi aliyekata kamba: imefika wapi, nani kaisoma, redio gani imeitaja, kiongozi gani kajibu, sheria gani imebadilika. Wanaotoa pesa za shirika wako mbali, hawaoni, wanataka kujua walichopanda kimeota au kimeliwa na ngedere. Nikasema hilo ni haki yao. Hata mimi nikipanda kunde naenda kuangalia.

Ndani ya programu ile kuna ramani. Mahali ambapo ripoti haijafika pana rangi ya kijivu. Ikianza kusomwa panaingia kijani chepesi, ikitajwa kijani kinakolea, serikali ikijibu kinakolea zaidi, na mambo yakibadilika panakuwa kijani kama jani la mgomba. Mjukuu wangu alikuwa akirudi kazini ananionyesha, mimi namenya muhogo, yeye ameweka kompyuta juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Mke mwenzangu," nilimwambia siku moja, "hiyo ramani yako inajua kupika? Maana naona umeiangalia tangu ulipoingia."

"Bibi wee, hii ndiyo inayotulisha."

"Inatulisha, lakini sufuria inamngojea mtu mwenye mikono."

Tulikuwa tunataniana hivyo. Siku hizo kicheko kilikuwa bado kipo humu ndani.

Sasa niwaeleze habari ya mdogo wangu, maana bila yeye hamtaelewa chochote. Mdogo wangu, tumbo moja, aliolewa Kibuta, upande wa Kisarawe. Alikaa huko na mumewe, wakalima, wakazaa watoto watatu. Kwetu mtoto akizaliwa, kitovu kikishadondoka hakitupwi. Kinafukiwa, na juu yake unapandwa mnazi, na mnazi ule ni wa mtoto yule mpaka mwisho. Kwa hiyo nyuma ya nyumba yao ilisimama minazi mitatu. Mmoja, wa mtoto wa kwanza, radi iliukata kichwa ukabaki mti mtupu umesimama kama nguzo. Watu walimwambia aukate usije ukamwangukia, akakataa. Akasema mwanangu yuko bara anatafuta maisha, nikikata mnazi wake nitamweleza nini? Basi ukabaki, na ukawa ndio alama ya njia. Mgeni akiuliza njia Kibuta anaambiwa, nenda mpaka uone mnazi usio na kichwa, halafu kata kushoto.

Mumewe akafa. Mdogo wangu akakaa eda yake vizuri, ndani ya nyumba, na kaniki yake. Alipotoka eda, shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaja na wazee wa ukoo. Wakamwambia shamba lile ni la baba yao, kaka yao alilima tu, na yeye alikuja kupika, na mwenye kupikiwa hayupo tena. Sheikh aliwaambia mke ana fungu lake na watoto wana lao, wakamjibu fungu linatoka kwenye mali ya marehemu, na hii si ya marehemu. Hapo ndipo mdogo wangu alipoishika minazi. Alisema shamba la baba yenu halina mnazi wenu hata mmoja. Waliopanda hapa ni mimi na mume wangu, na minazi hii ina umri wa watoto wangu. Kesi ikafunguliwa mahakama ya mwanzo, na hakimu akasema atakuja kupaona mahali penyewe.

Mjukuu wangu alilisikia hilo, akamwambia bibi yake mdogo, maneno yako yangefaa kwenye ripoti yetu. Mdogo wangu akakubali, lakini alitaka asitajwe jina. Hakutajwa. Ripoti ilipotoka ilikuwa ya Kiingereza, nene kama msahafu, na mimi nikaona hakuna mtu Kibuta atakayehangaika nayo. Nikatulia.

Kilichotuharibia ni ile ramani. Ripoti ilikaa miezi, Dar kijani, Dodoma kijani, mpaka nchi za watu huko kijani, na Kisarawe kijivu. Bosi wake akaona aibu. Akasema tunawasemea watu wa Kisarawe na Kisarawe yenyewe haijatusikia, hii ni kazi gani? Na sikumlaumu kwa neno hilo, maana ni neno la kweli. Akamwagiza mjukuu wangu atoe habari fupi za Kiswahili, za kusomeka kwenye simu, zenye kugusa moyo, zirushwe kwenye makundi ya simu ya vijijini.

Mjukuu wangu ana Kiswahili kizuri, kakitoa kwangu. Akaandika. Akaficha jina, akaficha kijiji, akaandika tu kwamba kuna mjane mmoja huko Kisarawe, na shahidi wake ni minazi mitatu aliyoipanda juu ya vitovu vya wanawe, mmojawapo umekatwa kichwa na radi.

Mtoto amelelewa Misugusugu, kwenye nyumba za bati na maduka ya barabarani. Nyumba ya mtu huku unaijua kwa rangi ya geti. Hakufikiri kwamba ukishataja mnazi ule huna haja tena ya kutaja jina.

Siku chache baadaye alirudi kazini anakimbia. Hakuvua hata viatu. Akaifungua ile kompyuta akanigeuzia, na kweli, Kisarawe iliyokuwa kijivu ilikuwa na kidoa kimewaka.

"Kibuta, bibi! Imesomwa kuliko kata nyingine zote. Wanarushiana tu, simu kwa simu."

Nikauliza, "Nani Kibuta anayerusha?"

"Mashine haisemi nani. Inasema wangapi."

"Na wanaporushiana wanaambiana nini?"

Akasema hilo halionekani, kinachoonekana ni kwamba imefika.

Nikaendelea kumenya. Lakini nilikuwa kama mtu aliyeacha moto jikoni akatoka. Kibuta naijua. Wakati wa korosho watu hawana nafasi hata ya kusikiliza taarifa ya habari. Wamekaa wakasoma habari za haki za wajane, wote kwa pamoja, kwa mapenzi gani?

Mdogo wangu ndiye aliyeniletea jibu. Alifika mchana, kwa bodaboda, na furushi la kanga mapajani. Nilipomwona hajabeba kuku wala nazi nikajua hajaja kutembea. Hajawahi kuja kwangu mikono mitupu tangu aolewe.

Alikunywa maji, ndipo akasema. Ile habari iliingia kwenye kundi la ukoo wa mumewe. Wifi yake ndiye aliyeanza. Akawauliza wenzake humo kundini, jamani, katika Kibuta hii mnazi usio na kichwa ni wa nani? Basi wakacheka, wakarushiana, mpaka watoto wa shule wakawa wanampigia makofi njiani wanamwita mama haki. Wifi yake alimfuata kisimani akamwambia, "Shikamoo mtangazaji. Leo unatusema redio gani?" Mdogo wangu alichota maji yake akaondoka. Kejeli aliiweza. Kaishi na mawifi miaka yote hiyo.

Shemeji yake hakucheka. Shemeji yake alisoma lile neno shahidi. Kabla ya hapo yeye na wazee wake walikuwa hawajaifikiria ile minazi kama kitu cha kesi. Walidhani ni maneno ya mwanamke aliyebanwa. Sasa wameandikiwa kwa Kiswahili safi kwamba shahidi ni huyu hapa, kasimama nyuma ya nyumba, hana miguu ya kukimbia. Akaja na vijana na msumeno wa mashine mdogo wangu akiwa mazishini kijiji cha jirani. Aliporudi aliikuta yote mitatu iko chini. Wameanza na ule usio na kichwa.

"Dada," aliniambia, "nimekaa juu ya mnazi wa kitindamimba wangu mpaka jua limetua. Nilikuwa nimeangua madafu yake juzi tu."

Hakulia. Mimi ndiye niliyeingia ndani.

Mjukuu wangu alimkuta bibi yake mdogo kwenye mkeka, akamwamkia, akaulizia nyumbani, akaambiwa. Alipiga magoti pale pale uani akamshika miguu. Mdogo wangu akamwambia inuka, mwanangu, hukushika msumeno wewe. Akasema hivyo na ninaamini alimaanisha. Lakini tangu siku ile akawa anamwita mwanangu tu, na ule utani wao wa mke mwenzangu ukafa.

Sasa sikilizeni mashine ilivyofanya. Redio moja ya mitaani ilisikia kwamba mjane wa minazi amekatiwa minazi, ikatangaza. Programu ikaandika: imetajwa. Bwana mmoja wa serikali, sikumbuki wa ofisi gani, alikwenda na gari akapiga picha, akawaambia wananchi wapendane, akaondoka. Programu ikaandika: imejibiwa. Kila mdogo wangu alipozidi kuumia, Kibuta ilizidi kuwa kijani. Mjukuu wangu aliniambia hayo mwenyewe.

Nikamwambia fungua hiyo kompyuta, nitafutie mahali pa kuweka minazi iliyokatwa.

Akatafuta. Pana mahali pa waliosoma, pana pa waliotaja, pana pa waliojibu, pana pa kilichobadilika. Pa kilichoumia hapakuwepo. Palikuwa na kiboksi kidogo chini kabisa cha maoni mengine, ambacho alisema hakuna anayekisoma. Alimpigia bosi wake simu tukiwa naye hapo hapo. Bosi akasema pole sana, ni jambo zito, liweke kwa sasa kwenye changamoto, tutalijadili.

"Mti wa mtu umekatwa wewe unaniambia changamoto," nilisema, na nadhani alinisikia.

Mjukuu wangu akakata simu. Akakaa. Halafu akafanya kitu ambacho sikumtuma. Akaenda pale pa kilichobadilika, akaandika: minazi mitatu imekatwa, mjane ameondoka nyumbani kwake. Akaniambia, "Si ndiyo yaliyobadilika, bibi?" Nikamwambia ndiyo hayo. Akabonyeza.

Kibuta ikageuka kijani kama jani la mgomba. Mashine haikusoma maneno. Iliona pamejazwa, ikafurahi. Na bosi wake, ambaye alikuwa anaiangalia ramani kwake, akamtumia ujumbe wa hongera kabla hajafungua kuona kilichoandikwa.

Alipofungua, alikuja mwenyewe Misugusugu. Mtu wa makamo, shati limenyooka, akavua viatu mlangoni, akatuamkia shikamoo sote wawili vizuri. Sikumfukuza. Alimwomba mdogo wangu msamaha, na hakusema kama mtu anayesoma. Alisema shirika litamtafutia mwanasheria wa kusimama naye mahakamani, nikaona hapo sasa anaongea. Kisha akatueleza habari ya Chole. Huko Chole, hukohuko Kisarawe, alisema, mwenyekiti wa kijiji kimoja aliisoma ile ile habari ya minazi mbele ya mkutano, wanaume wakaona haya, na mama mmoja aliyefukuzwa na wanawe wa kambo akarudishwa nyumbani kwake. Mjukuu wangu akasema, bibi, hilo ni kweli, mimi mwenyewe nimeongea na huyo mama.

Sikulikataa. Mpaka leo silikatai, na ndilo linalonisumbua kuliko yote. Kama habari ile ingekuwa mbaya tupu ningejua pa kuiweka. Mti wa huyu umekuwa kuni za mwenzie, na mwenzie kapika kala kashiba, mimi niseme nini? Nimchukie mama wa Chole kwa kulala nyumbani kwake?

Lakini yule bwana, baada ya hapo, akasogea mbele ya mkeka. Akasema kama mama ataridhia, wangependa kuandika na hili la kukatwa minazi, kwa uangalifu mkubwa safari hii, maana litawafunza wengine.

Mdogo wangu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Mwanangu," alisema, "hiyo ya kwanza bado haijaniisha."

Bwana yule akaomba ruhusa ya kuondoka, tukampa. Mjukuu wangu hajafukuzwa kazi. Alimwambia bosi wake mbele yetu kwamba yale maneno hayafuti, na kwamba programu ile iongezewe mahali pa madhara, na rangi yake. Bosi akasema atawauliza walioitengeneza, wako nje ya nchi. Bado anawauliza.

Mdogo wangu akakaa kwetu. Alikuwa anafagia uwanja kabla sijaamka, anaosha vyombo ambavyo si vichafu. Ukimwambia pumzika anasema napumzika. Sikupenda. Mtu wa kwenu akianza kukaa kama mgeni, ujue moyoni ameshapahama kwake. Nikamuuliza kama anataka kurudi Kibuta. Akasema, "Kwa nani, dada? Nikalale peke yangu nasikiliza nani anapita nyuma ya nyumba?" Akasema shamba walichukue. Ana mkeka, na dada anaye, inatosha.

Nikamwacha aseme. Nilijua akikaa hapa mpaka hakimu aende Kibuta, hakimu atakuta nyumba haina moshi, na shemeji yake atasema mwanamke kaondoka mwenyewe, shamba halina mtu. Na itakuwa imekwisha.

Kisha jirani yake wa Kibuta, mama mmoja anayekaanga maandazi, akapiga simu. Alisema shemeji mtu anaonekana pale nyuma ya nyumba anarundika makuti makavu juu ya visiki vya ile minazi. Wakimuuliza anasema anasafisha shamba. Hajawasha bado, upepo ni mwingi.

Mdogo wangu alisimama na ufagio mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu aje nilimwona amekasirika. Minazi waliiangusha, lakini visiki vilikuwa bado vipo, vimesimama pale pale vilipopandwa, na mtu mwenye macho angeweza kuvitazama akajua ni vya zamani kiasi gani. Sasa wanataka kuvichoma na vyenyewe.

"Vitovu vya wanangu viko chini ya hivyo," alisema. Hakusema na mtu.

Mjukuu wangu alikuwa ameshachukua simu. Anataka kupiga bosi, anataka kupiga redio, mdogo wake mmoja wa kiume anasema twende tukarekodi video tuirushe, mwingine anasema tumrushe yule shemeji mtu na sura yake. Wote wanaongea. Mama yao analia. Nikapiga kinu kwa mchi mara moja, wakanyamaza, nikawaambia hivi.

Nyie wawili mtakwenda Kibuta leo hii na bibi yenu mdogo, na dada yenu ataomba ruhusa kazini awafuate kesho. Mtabeba godoro, mchele na sufuria. Mkifika, yeye ndiye atakayefungua mlango, nyie nyuma. Mtatoa makuti yote juu ya visiki kwa mikono, mtamwamkia shemeji yake kwa adabu, na hamtajibu neno lake hata moja. Mtamfungulia mwanasheria njia akija. Jikoni pafuke moshi asubuhi na jioni, mpaka hakimu afike apaone. Wa kulala kule watapokezana, na zamu ya tatu ni yangu. Simu mtaacha moja, ya kupigia nyumbani. Asipigwe mtu picha. Asiandikwe mtu. Na atakayetaka kumuuliza mdogo wangu habari zake, amuulize kwanza kama amekula.